Bahari haina hatimiliki ya chokaa: mto nao unajenga mawe, na sisi wa Tanga tunayapita tu

Juzi kati nilikuwa kwa shangazi, upande wa Kiomoni, siku hiyo fundi bomba kaitwa maana lile bomba la kutolea maji tenki likizidi limeziba na maji yanamwagika kwa juu yanalowesha ukuta. Fundi akakata kipande cha bomba la inchi moja akakigeuzia juani tukachungulia, tundu limebaki la kupitisha kalamu tu, pembeni kote kuna ganda gumu la rangi ya chai ya maziwa. Na chini kwenye zege, pale maji yalipokuwa yanadondokea miaka yote hiyo, kumeota kitu kama kichuguu kidogo, kina vitundu vitundu kama mkate wa kumimina, juu kijani kwa ukoga, na ubavuni kuna jani la mwarobaini limenaswa, yaani jani lenyewe limeshaoza likaisha ila umbo lake limebaki, hadi vile vimeno vya pembeni unavihesabu.

"Chumvi hiyo bi mkubwa," fundi akamwambia shangazi, "maji ya visima vya huku yana chumvi."

Nikaomba ndimu. Nikakamulia matone mawili matatu kwenye lile ganda, likatoa povu dogo dogo kama soda. Chumvi haifanyi hivyo, chumvi ukiimwagia maji inayeyuka inaondoka, hii imekaa majini miaka na ndo kwanza inaongezeka. Ile ni chokaa. Ni jiwe la chokaa kabisa, limezaliwa kwenye uwanja wa shangazi, na halijawahi kuiona bahari.

Ndo maana naandika hii, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna mazoea na chokaa moja tu, ile ya bahari. Tumekua tunaona matumbawe yakichomwa kwenye tanuru, tumeona Tongoni kule barabara ya Pangani msikiti na makaburi ya zamani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa ya matumbawe, na shuleni tukaambiwa chokaa ni mabaki ya viumbe vya baharini, basi, ukurasa unafungwa. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ya maji baridi, ya mito na chemchemi na maziwa na madimbwi, na nusu hiyo ndo inayotuhusu kuliko tunavyodhani, maana jiwe la bahari linakwambia habari za bahari ya zamani, jiwe la mto linakwambia habari za mvua iliyonyesha kwenye bonde lako.

Tuanze na maji yenyewe. Maji ya mvua yakianguka kwenye mwamba wa chokaa mtupu hayafanyi kazi kubwa, maji yasiyo na gesi yoyote yanaweza kuyeyusha kama miligramu 14 tu za chokaa kwa lita, kidogo mno. Kinachoyapa makali ni hewa ukaa. Na hapa watu wengi wanakosea wakidhani hewa ukaa hiyo inatoka angani, angani ipo kidogo sana, kama asilimia 0.04. Mzigo mkubwa unatoka kwenye udongo. Mizizi inapumua, wadudu wanapumua, majani yanaoza, bakteria wanakula, hewa ya ndani ya udongo wa msitu wenye afya inaweza kuwa na hewa ukaa mara kumi, mara hamsini, hata mara mia ya ile ya juu. Maji yakishuka humo yanabeba gesi hiyo yanakuwa na uchachu mdogo, we ukiyanywa husikii kitu, lakini mwamba wa chokaa unasikia. Yakitoka upande wa pili kwenye chemchemi yanaweza kuwa yamebeba miligramu 250 au 300 za chokaa kwa lita na bado yakawa maangavu kama kioo. Ukitaka kujua kama yamebeba, oga nayo, sabuni inagoma kutoa povu, au angalia birika baada ya miezi mitatu.

Sasa maji hayo yakitoka nje yanakutana na hewa ya kawaida, yenye hewa ukaa kidogo, na yanaanza kuipumua ile gesi yaliyoibeba kama soda iliyofunguliwa kifuniko. Gesi ikitoka, ule uchachu unapungua, na chokaa iliyokuwa imeshikiliwa na uchachu haina tena cha kuishikilia, inakaa chini. Maji yakituliana kabisa na hewa ya juu yanabaki na kama miligramu 60 tu kwa lita. Tupige hesabu. Chemchemi ndogo tu ya lita moja kwa sekunde, inayotoka na miligramu 250 na kuachia hadi ibaki 60, inaacha miligramu 190 kila sekunde. Kwa siku moja ni kilo 16 na ushee. Kwa mwaka ni karibu tani 6, sawa na mifuko 120 ya saruji ya kilo 50, imebebwa na kijito ambacho mtoto anakiruka bila kukimbia. Kiuhalisia haiachi yote pale pale, nyingine inaenda na maji, nyingine inakaa mbali zaidi, ila hesabu inakuonyesha kwamba hatuongelei vumbi hapa, tunaongelea mzigo.

Kwa nini basi mawe haya yanapenda maporomoko? Kwa sababu maji yakianguka yanavunjika vunjika, yanatanda utando mwembamba, yanachanganyika na hewa, gesi inatoka haraka. Kwa hiyo jiwe linajengeka pale pale penye mporomoko, likijengeka linainua ule ukingo, ukingo ukiinuka maji yanaanguka kutoka juu zaidi, gesi inatoka zaidi, jiwe linaongezeka zaidi. Mto unajijengea bwawa lake wenyewe bila fundi. Nyuma ya bwawa maji yanatulia linakuwa ziwa dogo, na humo chini inakaa chokaa laini kama unga uliokorogwa. Kule Plitvice nchini Kroatia kuna maziwa 16 yaliyopangana namna hiyo ngazi kwa ngazi, yote yamezuiwa na kuta za jiwe hili, UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Jiwe lenyewe wanajiolojia wanaliita tufa, ni lile jepesi lenye matundu la maji ya kawaida. Lile la chemchemi za moto, zito na lenye mistari iliyobanana, wanaliita travatini.

Kuna ubishi wa siku nyingi hapa ambao mimi naupenda: nani hasa anajenga, ni gesi kutoka tu au ni viumbe? Maana ukiangalia tufa yoyote utakuta imejaa ukoga, na yale majani madogo laini yanayoota kama zulia kwenye mawe yenye unyevu, na mwani, na bakteria wa kijani. Hivi vyote vinakula hewa ukaa mchana jua likiwaka, vinaivuta moja kwa moja kutoka kwenye maji, kwa hiyo navyo vinaifanya chokaa ikae. Alafu vina utelezi ambao chembe za chokaa zinanasa humo. Wapo wanaosema bila viumbe hakuna tufa, wapo wanaosema viumbe ni abiria tu. Mimi naona wote wanabishana kama vile mito yote ni mmoja. Penye maji ya kasi yanayoruka ruka, gesi inatoka yenyewe haraka kiasi kwamba mchango wa mwani ni mdogo. Penye maji ya taratibu, kwenye kinamasi au ukingoni mwa ziwa, hapo viumbe ndo wenye kazi. Lakini hata kule kwenye kasi, umbo la jiwe ni la viumbe, vile vitundu vya mkate wa kumimina ni nafasi ya majani na vijiti vilivyofunikwa vikaoza. Jani la mwarobaini la kwa shangazi halikulijenga lile jiwe, ila ndo lililolipa sura.

Sasa twende Amboni, maana huwezi kuongelea chokaa Tanga ukaruka Amboni. Kila anayeingia pale anaambiwa mapango haya yalikuwa chini ya bahari enzi za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ni kweli, ule ukuta unaougusa ni matope ya chokaa ya bahari yaliyogandamana. Halafu torchi inapandishwa juu unaonyeshwa vile vijiti vya mawe vinavyoning'inia na vile vinavyoota kutoka chini kuvipokea, unaambiwa huyu simba, hii sanamu ya Bikira Maria, huyu tembo, na watu wanatoka nje wakiamini vyote ni kitu kimoja, vyote ni bahari. Hapana jamani. Ukuta ni wa bahari, vijiti ni vya mvua. Bahari ilishaondoka zamani sana, mwamba ukainuka, ndipo maji baridi yakaanza kupita kwenye nyufa yakila chokaa ya zamani, yakachimba pango, na yakifika ndani ya pango ambako hewa ina hewa ukaa kidogo kuliko udongo wa juu, tone linapumua gesi yake na kuacha chembe. Tone, chembe, tone, chembe. Mto Mkulumuzi unaopita hapo hapo nao ulifanya sehemu yake. Kwa hiyo unaposimama mle unaangalia mawe mawili ya umri tofauti kabisa, moja mama moja mtoto, mtoto kalishwa kwa mwili wa mama yake, na kati yao kuna mamilioni ya miaka. Mimi naona hicho ndo kitu cha ajabu kuliko simba na tembo, na sijui kwa nini hatukisemi.

Halafu kuna zile hadithi kwamba pango linatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Upimaji wa 1994 ulikuta mapango kumi na lile refu zaidi ni kama mita 900. Sioni kama hiyo inapunguza kitu. Maji ndo yaliyosafiri mbali.

Na kijiti kimoja cha pango huwa kinaongezeka mara nyingi kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, wakati mwingine hata chini ya hapo. Chukua kidole chako cha kati, weka sentimita 8. Hiyo ni miaka 800 ya matone, yaani kilianza kudondoka wakati watu wa pwani hii ndo wanajenga miji yao ya mawe. Mtu anakikata kwa sekunde mbili aondoke nacho kama ukumbusho, anakiweka juu ya kabati la tivii. Hili linaniuma, na sitalizungushia maneno. Hata kukishika tu kunaleta shida, mafuta ya kiganja yanabaki juu ya jiwe na tone linalofuata halishiki vizuri.

Kuna swali moja nimelifikiria sana: kama tuna chokaa nyingi hivi na mvua nyingi hivi, mbona mto Sigi haujengi mabwawa ya mawe kama Plitvice? Jibu liko juu mlimani. Sigi unaanzia Usambara Mashariki, huko Amani mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, msitu upo, hewa ukaa ya udongo ipo, kila kitu kipo isipokuwa mwamba wenyewe. Usambara si chokaa, ni miamba ya kale sana iliyopikwa na kukandwa ardhini, migumu, inayoachia kalsiamu kidogo. Maji yanashuka mepesi, laini, sabuni inatoa povu vizuri, yanafika karibu na pwani ndo yanakutana na chokaa ya Jurasiki, na pale yamebakiza mwendo mfupi tu kufika baharini. Hayana muda wa kushiba wala nafasi ya kuachia. Ongeza mafuriko ya masika, maji mekundu yenye mchanga yanayosugua kila kitu, hata kiganda kilichoanza kukaa kinasombwa. Kwa hiyo hapa kwetu usitafute jiwe la maji baridi kwenye mto mkubwa. Litafute kwenye vitu vidogo, chemchemi inayotoka chini ya kilima cha chokaa, ukuta wa jabali unaovuja, mfereji, pango, bomba la shangazi. Bonde lote ndo linaamua, siyo mto peke yake: mwamba gani juu, msitu gani juu yake, maji yanakaa muda gani ardhini, na mafuriko yanakuja na hasira kiasi gani.

Linganisha na Songwe kule Mbeya. Kule kuna chemchemi za moto zinazosukuma hewa ukaa kutoka chini kabisa, kwenye ardhi yenye volkano, haihitaji hata udongo wa msitu, na zimetandaza travatini bondeni kwa wingi kiasi kwamba imechimbwa kwa saruji na hata kukatwa mawe ya urembo. Warumi nao walifanya hivyo hivyo, jiwe la Tivoli karibu na Roma ndo limejenga Koloseo, ule uwanja wao mkubwa wa maonyesho, inakadiriwa zaidi ya mita za ujazo 100,000 zilitumika, na jengo limesimama toka mwaka 80 mpaka leo. Ukitazama picha zake kwa karibu utaona vitundu. Ule ukuta wake wa nje ni mkate wa kumimina wa maji ya chemchemi.

Kwenye maeneo makavu hadithi inabadilika tena. Huko mvua ni kidogo, maji hayafiki mbali, yanaingia udongoni yanayeyusha chokaa kidogo alafu jua linayavuta juu kabla hayajatoroka, chokaa inabaki kwenye udongo. Ukichimba shimo la choo au msingi kwenye mbuga ya udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi, ukakutana na vijiwe vyeupe vya mviringo kama karanga, kamulia ndimu. Hivyo vimeota humo humo, havikuletwa na maji ya mto, na vikiendelea vinashikana vinakuwa sakafu ngumu ambayo sururu inaruka.

Na maziwani, kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, kuna mwani mmoja mkubwa wenye shina kama mmea unaitwa kara, unajipaka chokaa shina zima kiasi kwamba ukiufinya mkononi unasikia unakwaruza. Ukifa unaanguka chini, miaka na miaka, unakuwa tope jeupe, tope linakuwa jiwe. Changanya na magamba ya konokono wa maji baridi unapata jiwe zuri sana. Kule kusini mwa Uingereza kuna jiwe linaitwa Purbeck, limejaa konokono wa maji baridi wa zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita, likisuguliwa linang'aa kama marumaru, makanisa makubwa ya zamani yamelitumia kwa nguzo. Na hapa ndo penye njia rahisi ya kutofautisha mawe haya mawili ukiwa na jiwe mkononi na huna maabara. Ukiona matumbawe, chaza, vijinyota vya baharini, hilo ni la bahari. Ukiona alama za majani ya miti, vijiti, konokono wenye gamba jembamba, vijibomba vya shina la kara, na huoni tumbawe hata moja, shuku maji baridi. Ndimu haitakusaidia hapo, zote zinatoa povu.

Kwa nini nahangaika na tofauti hii? Kwa sababu ya kumbukumbu. Vituo vya kupima mvua kwetu ni vya juzi, toka enzi za Wajerumani, na vipimo vya mito ni vichache zaidi na vina mapengo. Mzee wa miaka 80 anaweza kukwambia mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi, ila miaka 500 nyuma hakuna wa kumuuliza. Jiwe la maji baridi lipo. Ndani ya ile chokaa kuna oksijeni iliyotoka kwenye mvua yenyewe, na oksijeni ina aina nzito na aina nyepesi, wataalamu wanaziita aisotopu, uwiano wake unabadilika kulingana na mvua ilivyokuwa nyingi au chache na imetokea wapi. Kaboni nayo inaeleza kama juu ya mwamba kulikuwa na msitu mnene au majani ya ukame. Umri unapimwa kwa urani iliyonasa kidogo sana ndani ya jiwe ambayo inageuka taratibu kuwa thoriamu, njia hii inarudi nyuma hata miaka laki tano. Huko kwenye bonde la ufa, kuzunguka Natron na Magadi, kuna magamba ya chokaa yaliyojengwa na bakteria juu kabisa ya maji ya sasa, makumi ya mita, na ndiyo yaliyowaonyesha watafiti kwamba miaka kama elfu kumi iliyopita maziwa hayo yalikuwa makubwa na yenye kina.

Kuna mtego mmoja lazima niuseme. Ukipima umri wa jiwe la namna hii kwa ile kaboni inayotumika kupima mifupa na mkaa, itakudanganya, litaonekana zee kuliko lilivyo. Sababu ni ile ile ya mama na mtoto: sehemu ya kaboni iliyomo imetoka kwenye mwamba wa zamani sana ambao kaboni yake ya kupimia ilishakufa. Ganda la bomba la shangazi lenyewe, la miaka isiyozidi kumi na tano, maabara isiyo makini ingeweza kusema ni la mamia ya miaka au zaidi.

Na haya mawe yanahifadhi siyo mvua tu. Mwaka 1924, kwenye machimbo ya chokaa ya Taung huko Afrika Kusini, wachimbaji walitoa fuvu la mtoto, mwaka uliofuata mwanasayansi Raymond Dart akalitangaza kuwa la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kwa jina la Australopithecus africanus, na dunia ikaanza kukubali taratibu kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Machimbo yale yalikuwa ya tufa. Jiwe la maji ya chemchemi, lilikuwa linachimbwa lichomwe liwe chokaa, na ndani yake kulikuwa na mtoto. Huwa nawaza yaliyoingia kwenye tanuru kabla yake.

Sisemi watu wasichimbe chokaa. Tanga inakula kwa chokaa, saruji inajenga nyumba zetu, vijana wanapata riziki kwenye machimbo na sina ubaya na hilo. Hata kikemia ni kazi ya kuvutia, ukichoma kilo 100 za chokaa safi unapata kilo 56 za chokaa ya moto, zile kilo 44 zinapanda hewani kama hewa ukaa. Ninachosema ni kwamba chokaa ya bahari tunayo milima na milima, ya maji baridi tunayo vipande vipande, pembeni mwa chemchemi, ndani ya mapango, kwenye majabali yanayovuja. Kulinganisha hivi viwili kwa bei ya lori la kokoto ni makosa, maana cha kwanza kikiondoka kipo kingine nyuma yake, cha pili kikiondoka kimeondoka na habari zake zote.

Na vitu vya kufanya si vya gharama. Wanafunzi wa jiografia wa sekondari za Tanga wakipewa ndimu, daftari na siku moja ya kutembea, wanaweza kuorodhesha kila chemchemi yenye ganda kati ya Pongwe na Kiomoni, na orodha hiyo ikapelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ambao Sigi pia upo chini yao. Kupima ugumu wa maji ya chemchemi ni vijikaratasi vya kuchovya tu, ukipima kila mwezi masika na kiangazi kwa miaka mitatu unaanza kujua maji hayo yanakaa ardhini muda gani. Na ile miti inayoota juu ya vilima vya chokaa isichukuliwe kama vichaka vya kufyeka vipishe viwanja. Ukifyeka pale juu, udongo unapungua, hewa ukaa ya udongo inapungua, maji yanashuka dhaifu na yenye matope, na chini kwenye pango kijiti kilichokuwa kinaota kinasimama. Utakayemwambia hivyo atacheka, mti wa juu na jiwe la chini wapi na wapi, ila ndivyo maji yanavyofanya kazi.

Kile kichuguu cha kwa shangazi nilikiomba. Nikakipeleka kwa fundi marumaru Ngamiani akakipasua kati kwa grainda, vumbi jeupe likatapakaa, tukakimwagia maji tuone vizuri. Ndani kuna mistari, mweupe wa kubana, kijivu wa matundu, mweupe, kijivu, kwa nje mistari inajikunja kufuata lile jani. Katikati kuna mstari mmoja wa kahawia, mnene kama unene wa shilingi mia, wa udongo udongo, hauna chokaa kabisa. Nikarudi nacho kwa shangazi nikamuonyesha. Akakigeuza geuza mkononi, akaweka ukucha kwenye ule mstari.

"Hapa ndo pampu iliungua," akasema. "Tulikaa karibu mwaka mzima tunanunua maji ya madumu, na uwanja wote ulikuwa vumbi."